Ambondrona Yenye Basi Mlangoni

Mariamou binti Halidi alitelemka gatini Mahajanga mwaka ule Wafaransa walipotandaza lami kutoka bandarini mpaka mbele ya soko, wakaikatia hapo kana kwamba lami yenyewe imechoka. Alikuwa na binti mmoja, masanduku mawili, kuku waliofungwa miguu, na haja moja aliyoiona ndogo. Alitaka nyumba. Iwe na ua wa kuanikia nguo na kukaangia mikate bila moshi kumwingia jirani. Iwe na minazi, hata miwili tu. Iwe na upepo wa bahari. Majirani wawe karibu kiasi cha kusikia ukipiga yowe la moto, na mbali kiasi cha kutosikia ukigombana. Na basi lipite mlangoni.

"Unataka Ambondrona," nilimwambia.

Ambondrona ni pwani ya kwao, kisiwa cha Nosy Be, upande wa magharibi, mahali ambapo watu huvua samaki na kulala, na mambo mengine yote huenda kuyafanya Andoany mjini, kwa miguu.

"Ndiyo," alisema. "Ambondrona yenye basi."

Mimi ni dalali wa nyumba. Nilianza kwa kuuza milango mikuukuu, nikaishia kuuza vilivyo nyuma yake, na kazi hiyo imenifundisha jambo moja: mteja anayetaka vitu viwili vinavyokimbiana ndiye anayenilisha. Nilimkaribisha kiti.

Kwao Andoany, Mariamou alikuwa mjane mkaanga mikate, na alikuwa na sifa. Alfajiri alikwenda Ambondrona kununua samaki. Alimbonyeza samaki, akamnusa, akamgeuza, akamrudisha, akaaga, akaondoka. Hapo ndipo alipoitwa. Alikuwa akiondoka ili aitwe, na aliitwa kila mara, na bei iliyomwita haikuwa ile iliyomfukuza. Wavuvi walimwogopa kuliko polisi, maana polisi walikuwa na siku za mapumziko.

Sasa ilimbidi anunue nyumba, tena katika mji asioujua, kwa sababu ya binti yake na desturi zetu. Kwetu Wangazija mume ndiye anayehamia kwa mke. Nyumba ni ya binti, na ni juu ya mama yake kuiweka tayari. Mwanamume anakuja na nguo zake na maoni yake. Binti wa Mariamou, Echa, alikuwa ameposwa na Mouigni, karani wa forodha Mahajanga, kijana mwenye mwandiko mzuri na viatu vyeupe vya turubai alivyovipaka chaki kila jioni kama mtu anayepaka chokaa msikiti. Echa alimtaka Mouigni, jambo lililorahisisha mambo sana, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Msemaji wa upande wa Mouigni alikuwa mjomba wake, Youssoufa. Mzee huyu alitoa sharti moja kwa upole wa kutisha: nyumba iwe tayari kabla ya mwandamo wa Ramadhani, na iwe mahali ambapo kijana ataweza kutoka asubuhi akafika forodhani viatu vikiwa bado vyeupe. Mfaransa aliyekuwa mkubwa wa Mouigni kazini alikuwa akitazama viatu kabla ya kutazama saa. Ikishindikana, kulikuwa na familia nyingine Mahabibo yenye nyumba tayari, ya bati jipya, na yenye binti ambaye hakuna aliyemtaja kabla ya kulitaja bati.

Kwa hiyo tukaanza kutafuta.

Nilimpeleka kwanza Mahabibo, ndiko walikokaa wengi wetu, na usafiri wa Mahabibo haukuwa na kasoro: ulikuwa unakukanyaga. Posiposi, vile vigari vya magurudumu mawili vinavyovutwa na mtu, vilipita chini ya dirisha mchana kutwa, na mikokoteni ya ng'ombe, na kila aliyekuwa na kitu cha kuuza na koo la kukitangazia. Nyumba niliyomwonyesha ilikuwa imebanwa katikati ya nyingine mbili hata ukuta wake mmoja ulikuwa wa jirani. Mariamou alisimama uani, na ua ukawa umejaa.

"Hapa nikikohoa," alisema, "jirani ataniambia 'pole' bila kuinua sauti."

"Huo ndio ujirani mwema, Mama Echa."

"Ujirani mwema ni wa kupiga hodi."

Nikampeleka mtaa wa machinjioni, ambako nyumba zina nafasi kidogo na upepo wa bahari unafika vizuri sana, isipokuwa kwanza unapitia machinjioni. Mariamou alijifunika pua kwa ncha ya shiromani yake, nguo ya kujitanda ya wanawake wa kwetu, tukarudi.

Kisha, kwa kuwa njia ilipita huko, tukapita mtaa wa Wazungu juu ya bahari. Nyumba zilikaa mbalimbali kama watu waliogombana. Kila moja ilikuwa na ua wake, baraza yake, mti wake wenye maua na gari lake. Na basi nalo, lile moja la mji, lilifika huko kila asubuhi na kila jioni, kuwaleta na kuwarudisha wapishi na mayaya.

"Hawa wamekipata ninachokitaka," alisema Mariamou.

"Hawa hawakukitafuta. Walichora ramani kwanza, halafu mji ukaambiwa usogee."

Alisimama kidogo akitazama nguo za watoto wa Kizungu zikipepea kwenye kamba ndefu ambayo haikugusa ukuta wa mtu. Halafu akasema kwa Kikomoro chake cha Andoany, ambacho nusu yake ni Kisakalava: "Dalali, wewe unanionyesha ulichonacho. Nitatafuta mwenyewe."

Sikukasirika. Wateja wanaotafuta wenyewe huwa wanarudi, na wakirudi huwa wamechoka.

Ila Mariamou alikuwa na akili yake. Mtu mwingine angetafuta nyumba kisha akauliza kama basi linafika. Yeye alilitafuta basi. Lilikuwa lori la zamani lililojengewa mabenchi ya mbao na paa, lenye rangi ya buluu upande wa mbele, mahali ambapo rangi ilitosha. Mwenye basi alikuwa Karana mmoja, ndivyo Wahindi wanavyoitwa huku, mfanyabiashara wa ngozi. Dereva alikuwa Soulé, mtu mrefu mpole ambaye sauti yake yote ilikuwa kwenye honi. Mariamou aliulizauliza sokoni basi hilo linatokea wapi asubuhi, akaelekezwa Ambalavoanio.

Ambalavoanio ni uwanda wa mchanga nyuma ya mji. Kwa Kisakalava jina hilo ni zizi la minazi, ingawa minazi iliyobaki ungeweza kuihesabu bila kusimama. Nyumba zilikuwa chache, zimetawanyika, kila moja na boma lake la miti. Upepo ulipita bila kuombwa. Alikwenda Jumatatu alfajiri, akaliona basi limesimama mbele ya boma moja, injini inanguruma, watu wanapanda. Alikwenda tena Jumatano. Basi lipo, mahali palepale. Akaenda Ijumaa, siku yenye baraka, akamkuta hata dereva amevaa kanzu safi. Jirani na pale basi liliposimama palikuwa na nyumba ya mbao na bati, yenye ua mpana na minazi miwili, na mwenyewe alikuwa anauza.

Jumanne na Alhamisi hakukanyaga huko, na hakuna mtu wa Nosy Be anayehitaji kuelezwa kwa nini. Katika nchi ya Wasakalava siku hizo ni fadi, siku za mwiko: hulimi, hujengi, huendi kutazama nyumba. Mariamou alikuwa Mwislamu wa swala tano, na swala tano hazikuwahi kumzuia kuiogopa Jumanne.

Mwuzaji alikuwa mzee mmoja Msakalava mwenye haraka ya kuhamia mjini kabisa. Maisha yake yote Mariamou hakuwahi kumwamini mwuzaji mwenye haraka. Safari hii aliona haraka ile ni faida. Akaibonyeza nyumba, akainusa, akaaga, akaondoka, akaitwa. Akaongezewa mtungi, kinu na mbwa. Mbwa akamrudisha.

Aliniita nikashuhudie. Nilifika na mchanga mpaka kwenye magoti.

"Tazama, dalali," alisema, akionyesha ua, minazi, anga, na alama za magurudumu mbele ya boma la jirani. "Wewe ulidhani havikai pamoja."

"Umeuliza habari za hilo basi?"

"Nimeliona."

Nikasema hongera. Nilikuwa sijaambiwa chochote, na mtu asiyelipwa hana wajibu wa kuwa na wasiwasi.

Youssoufa alikuja kuikagua nyumba wiki ile iliyofuata, siku ya Alhamisi, Mariamou akiwa amehamia jana yake tu. Yeye alizaliwa Ngazija kwenyewe, na kwake Alhamisi ilikuwa siku inayotangulia Ijumaa, basi. Alipanda posiposi kutoka bandarini. Lami ilipokwisha, mvutaji aliyatazama magurudumu yake, akautazama mchanga, akamwambia mzee ashuke. Mariamou alimkuta barazani akimimina Ambalavoanio kutoka kwenye kiatu cha kulia. Echa alikuwa nyuma ya mlango, kama desturi inavyotaka, na mimi nilikuwa nimekaa upande wenye chai.

"Nyumba nzuri," Youssoufa alisema. "Ua mzuri. Mouigni atatoka hapa na nini?"

"Na basi."

"Liko wapi?"

"Linakuja asubuhi."

"Hii ni nini?"

"Ni asubuhi, lakini haijaisha. Kunywa chai, Bwana Youssoufa."

Tukanywa chai. Chai ikaisha, ikaja mikate. Mikate ikaisha, yakaja mazungumzo ya bei ya mchele. Jua likapanda, kivuli cha mnazi kikarudi nyuma taratibu kama mdaiwa. Youssoufa alimimina kiatu cha kushoto. Upande wa pili wa boma, jirani, mwanamke kijana aitwaye Charifa, alikuwa anaanika nguo na kutusikiliza, maana alikuwa karibu kiasi hicho.

"Samahani, wazee wangu," alisema mwisho. "Mnangoja nini?"

"Basi, mwanangu," Mariamou alimjibu.

"Leo? Leo halipo kwangu. Limeamkia kwa mwenzangu."

"Mwenzako nani?"

"Mke mwenzangu. Hadjira, kule machinjioni."

Youssoufa aliweka kiatu chini. "Basi limeoa?"

"Aliyeoa ni dereva," Charifa alisema, akikung'uta shuka. "Basi linamfuata."

Akatueleza huku anaendelea kuanika. Soulé alikuwa mume wake, na mume wa Hadjira pia. Karana hakuwa na mahali pa kulaza basi, ua wake ulijaa ngozi, kwa hiyo basi lililala alipolala dereva na kuanza safari lilipoamkia. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa liliamkia Ambalavoanio. Siku zilizobaki liliamkia machinjioni, na Jumapili walipokezana. Soulé alikuwa mtu wa haki katika zamu zake; hakuwahi kumwibia mke hata usiku mmoja.

"Hukuniambia," alisema Mariamou.

"Hukuniuliza, mama. Nilikuwa nakuona unakuja, unasimama, unatazama, unaondoka. Nikadhani unamtazama mume wangu."

Nilijifanya nimemwagikiwa na chai.

"Mama Echa," Youssoufa alisema, akivaa viatu vyake na sehemu ya mchanga, "sisi tumekupa bwana harusi wa wiki nzima. Wewe unatupa nyumba ya nusu wiki."

"Atatembea," ilisema sauti ya Echa nyuma ya mlango.

"Kwa viatu vile?"

"Avivue."

"Karani wa forodha apite pekupeku?"

"Avishike mkononi. Avivae akifika."

Mzee aliutazama mlango kama mtu anayetazama mlango uliokosa adabu. Halafu akamgeukia mama. Basi lisimame hapa kila siku ya kazi kabla mwezi wa Ramadhani haujaonekana, alisema, la sivyo Mouigni ataingia kwa wale wa Mahabibo. Bati lao lilikuwa bado linang'aa. Akaondoka kwa miguu, akizama na kuibuka.

Mariamou hakulia. Alikaa akiwatazama kuku wake, na Echa akatoka nyuma ya mlango akakaa karibu naye, macho mekundu, akimenya muhogo kwa hasira hata ukabaki wembamba kama kalamu.

"Dalali," Mariamou aliniambia, "nyumba hii nikiiuza leo, ataichukua nani?"

"Mtu aliyekuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa."

"Wapo wangapi?"

"Nilimjua mmoja."

Alimeza hilo bila maji, na kesho yake akaanza kazi.

Alianza kwa ofisi, kama raia mwema. Huko alionyeshwa ramani ya ukutani yenye njia za mabasi za siku zijazo, na mstari mmoja mwekundu ulipita Ambalavoanio katikati. Mabasi yenyewe ndiyo hayakuwa yamechorwa. Akaenda kwa Karana. Karana alimwambia kwamba mchana basi ni lake, usiku ni la Soulé na la sharia, na kwamba hatatia petroli ya kumtoa dereva machinjioni kwenda kumchukua karani mmoja mchangani. Akaenda kwa Soulé mwenyewe, akamkuta chini ya basi.

"Bwana Soulé, ukilala kwa Charifa kila siku kuna ubaya gani?"

"Hadjira atanipeleka kwa kadhi, mama," ilisema miguu yake.

"Na ukilala kwa Hadjira kila siku?"

"Charifa hatakwenda kwa kadhi. Ataninywesha kitu."

Hapo Mariamou akaelewa kwamba usafiri wa mji mzima wa Mahajanga ulikuwa jambo la wanawake wawili, na mmoja wao alikuwa tayari upande wa kufaa. Alibaki Hadjira. Basi lisingehama, lakini mke anaweza kuhama, akipewa sababu. Tukaenda machinjioni.

Hadjira alikuwa mwanamke mnene wa sauti nyembamba. Alitupokea akikata vitunguu na hakuacha kuvikata.

"Niache nyumba aliyonijengea mama yangu," alisema, "nikakae nyuma ya Charifa?"

"Si nyuma yake. Uani kwangu. Nakukatia kipande, kinakuwa chako, kwa jina lako, mbele ya mashahidi."

"Kipande cha upande gani?"

"Upande mzuri wa kaskazini."

"Choo kiko upande gani?"

Mariamou alivuta pumzi. "Choo kinaweza kuhama."

"Kihame kwanza, ndipo mimi nifuate. Hapa nina soko, nina maji ya bomba, nina mume nusu wiki. Huko nina nini?"

"Upepo," alisema Mariamou.

Hadjira akasimamisha kisu. Wakati uleule machinjio yalipumua, harufu ikaingia dirishani, ikazunguka chumba chote na kukaa miongoni mwetu kama mgeni wa heshima. Nimefanya udalali miaka mingi na sijawahi kusema neno lenye nguvu kama lile.

"Na minazi ipo?" aliuliza Hadjira.

"Miwili."

"Nataka upande wa minazi."

Mariamou akasimama. Alijitengeneza shiromani, akashukuru kwa mapokezi, akaaga, akatoka. Nilimfuata, nikijua kinachofuata. Tulifika mlangoni, hatukuitwa. Tukafika njiani, hatukuitwa. Alipunguza mwendo kama mtu aliyeingiwa na mwiba. Tukafika kwenye bomba la maji, na nyuma yetu kisu kilikuwa kinagonga ubao, kitunguu baada ya kitunguu, kwa utulivu mkubwa. Mwanamke aliyeitwa na pwani nzima ya Ambondrona alisimama pale kwenye bomba akisubiri, na hakuna aliyemwita.

Aligeuka, akarudi mpaka mlangoni.

"Nimesahau mwavuli wangu," alisema.

Hakuwa na mwavuli.

"Nitakuwekea," Hadjira alijibu bila kuinua macho. "Utaukuta chini ya minazi yangu."

Hivyo ndivyo ilivyokwisha. Mengine yalikuwa masharti madogo. Charifa alisema hatapinga mradi boma la katikati liwe refu kuliko Hadjira, na basi lisimame mahali ambapo yeye ataliona kutoka jikoni. Hadjira alisema hatapinga mradi na yeye alione kutoka jikoni. Ilibidi majiko mawili yapimwe pamoja na basi moja, nikapima mimi, na nikachukua haki yangu pande zote tatu. Soulé alipata habari za maisha yake mapya wakati anajaza upepo gurudumu.

"Na mimi nitalala wapi?" aliuliza.

"Palepale, kwa zamu zako," Mariamou alimwambia. "Umepunguziwa safari."

Nyumba ya Hadjira ilifunguliwa ubao kwa ubao na kuhamishwa kwa basi lenyewe, bati juu ya paa, kitanda kwenye mabenchi, na Hadjira mbele karibu na dereva kama malkia wa misumari. Ikajengwa upya chini ya minazi siku za Shaabani zilizobakia, kila siku isipokuwa Jumanne na Alhamisi. Hilo Mariamou hakukubali kulilegeza hata mwezi ulipokuwa unamkimbia.

Youssoufa alirudi siku ya Jumanne. Aliichagua makusudi. Alikuja alfajiri, amevaa viatu vya zamani, akakaa barazani, na kabla chai haijatiwa sukari honi ikalia. Alilikagua basi mbele na nyuma, akapanda, akashuka, akamwuliza Soulé ana afya gani na kama wake zake wanaelewana.

"Hawaongei, mzee," alisema Soulé.

"Vizuri. Waendelee hivyohivyo."

Akakubali. Ikabaki wiki moja kabla ya mwandamo, na Mouigni akaingia nyumbani kwa Echa kwa vigoma, juu ya basi, na viatu vyeupe hata vikaumiza macho. Mahabibo walituma sahani za pongezi, wakimaanisha kinyume chake. Echa alipotazamwa usoni mbele ya wageni hakuinamisha macho kama inavyotakiwa. Alikuwa anatazama kama basi limezimwa injini, lisije likamrudisha bwana harusi.

Laiti ningekuwa mwandishi wa mambo ya mapenzi ningeishia hapo. Lakini mimi ni dalali, na kwangu hapo ndipo mambo yalipoanza.

Nyumba yenye basi mlangoni haitaki dalali mwenye akili, inataka dalali mwenye miguu. Wiki ya kwanza baada ya Idi alikuja fundi cherehani. Akafuata mwuza kahawa, maana mahali panapongojwa basi ndipo panapotakiwa kahawa. Akafuata karani wa pili wa forodha, akaleta wa tatu. Wale wa machinjioni walipoona Hadjira harudi wakaja kumtembelea, wakavuta pumzi, wakaniulizia viwanja. Niliwakatia. Mabomba ya maji yalifika. Mwisho ikafika hata lami, imepumzika vya kutosha, na nyuma ya lami posiposi, na nyuma ya posiposi kila aliyekuwa na kitu cha kuuza na koo la kukitangazia. Misimu miwili ya mvua haikupita, boma likawa linagusa boma.

Basi nalo lilijaa. Mouigni alikanyagwa asubuhi ya kwanza, akakanyagwa ya pili, na ya tatu Mfaransa wake akatazama viatu kwanza. Tangu hapo alisafiri pekupeku, viatu amevifunga katika gazeti, akavivaa akifika. Echa hakusema kitu. Kila asubuhi alimpa gazeti.

Hadjira, aliyekuwa na nafasi ndogo na ndugu wengi, aliongeza chumba upande wa baharini, kisha kingine. Siku moja Mariamou, akikaanga mikate katika ua ambao sasa ulitosha kikaango na mkaangaji, alipaliwa na moshi, akakohoa.

"Pole," ilisema sauti nyembamba ya Hadjira jikoni kwake, bila kuinuka hata kidogo.

Mariamou alipunguza kuni jikoni. Halafu akageuza mkate.

Sikumwona kwa muda, mpaka jioni moja nilipokuwa na shughuli mtaa wa Wazungu, kumtafutia Mfaransa mmoja mpangaji wa nyumba aliyoiona ina ua mkubwa mno wa kufagiwa. Chini ya nyumba hizo kuna ukuta mfupi wa mawe unaoelekea baharini, na Mariamou alikuwa amekaa juu yake, ndala zake amezipanga pembeni, shiromani imejaa upepo kama tanga. Kiti cha mbele cha basi kilikuwa chake. Alikidai siku ile ya kupima majiko, na mimi nilidhani anakitakia kwenda sokoni.

"Mama Echa, unafanya nini huku?"

"Napunga upepo. Nakuja kila jioni."

"Na upepo wa kwako?"

Alinitazama kama alivyokuwa akimtazama samaki wa jana.

"Kwangu kuna basi," alisema.

Juu yetu honi ililia, wapishi na mayaya wakaanza kupanda. Mariamou akavaa ndala zake, akaenda kukaa mbele.